Sakafu Inayong'aa Kuliko Zote Soweto

Injini ilinguruma kama gari linapanda, na gari likasimama kama limefika. Lori la mizigo ya Zambia likapiga honi nyuma yao, likawapita, na utingo aliyekaa juu ya maturubai akainama kuwatazama kama mtu anayepita msiba usiomhusu.

"Kanyaga," alisema Mzee Saulo.

"Nimekanyaga, baba. Mguu umefika chini."

"Sasa mbona haiendi?"

Yotamu alikanyaga tena. Kadiri alivyokanyaga, kelele ziliongezeka na magurudumu hayakusikia. Alipoinua mguu, gari likaanza kurudi nyuma polepole, kuushuka Mlima Nyoka, ikabidi ashike breki. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Nkuba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, pamoja na mkewe Kashindye, aliyetoka hospitali na kitambaa jichoni. Nkuba alikuwa amekodi teksi ili mkewe asitikiswe kwenye basi.

"Mzee," alisema Nkuba, "hii gari inakula majani gani? Maana ng'ombe wangu akikataa kilima, najua ana njaa au ana mimba."

Kashindye alicheka chini ya kitambaa chake.

"Haina njaa," alijibu Saulo. "Ina dereva."

Wakashuka, wakasukuma. Saulo naye alisukuma, viatu vyake vyeupe vikijaa vumbi. Huyu ndiye mtu aliyeendesha malori ya shaba toka Zambia mpaka bandarini miaka ile barabara ilipoitwa ya mauti, akavuka mlima Kitonga kwenye mvua na tope bila kuomba mkono wa mtu. Sasa alisukuma gari dogo pamoja na abiria wake, na abiria alikuwa na nguvu kumshinda. Walipofika juu, likateremka vizuri. Kwenye kilima kilichofuata likakataa tena, na safari hii Nkuba akasimamisha lori la mahindi, akampandisha mkewe mbele kwa dereva.

Saulo akaingiza mkono mfukoni kumrudishia nauli. Nkuba akaukataa mkono ule kwa upole.

"Kaa nayo, mzee. Mnunulieni gari lenu dawa." Kisha akamgeukia Yotamu. "Na wewe kijana, ukichoka kusukuma, mpunga wangu uko Igurusi. Unataka mikono."

Angedai fedha yake kwa matusi, Saulo angejua la kumjibu. Huruma ya abiria hakuwahi kufundishwa namna ya kuipokea.

Gari lenyewe watu wa mtaa wa Soweto, Mbeya, walilipa jina la Mgiriki, kwa sababu liliachwa na Mgiriki aliyelima tumbaku Iringa, na kwa sababu lilikuwa na ugeni wake: halikuwa na klachi. Lilibadili gia lenyewe. Watoto walikuwa wakilikimbilia dirishani kuhakikisha kwamba dereva ana pedali mbili tu. Ndilo lililoilisha nyumba ya Mzee Saulo: yeye mwenyewe, Mama Yotamu, Yotamu mwanawe, na Tusajigwe mke wa Yotamu. Ufunguo wa boneti ulikaa shingoni mwa Saulo kwa kamba ya kiatu, na hapakuwa na mtu mwingine mwenye ruhusa ya kupima oili. Yeye alipima kila alfajiri kabla ya kuliwasha, kama alivyofundishwa kwenye malori: chuma kikiwa baridi, oili imetulia, ndipo kijiti cha kupimia kinaposema kweli.

Jioni ile walifika nyumbani kwa kuvutwa na trekta la mtu mwenye huruma nyingine. Saulo hakuvua hata koti. Aliacha injini ipoe, akafungua boneti mbele ya mkewe na jirani yao Silvester, akachomoa kijiti cha gia-boksi, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya, akakichomoa tena na kukiinua juu waone.

"Mnaona? Imepita alama. Oili imejaa. Kwa hiyo ugonjwa si oili."

"Labda ni uzee," alisema Silvester.

"Uzee hauanzi Jumanne." Akamgeukia mwanawe. "Miteremko ya Uyole, ulikuwa unatia fri, gari lishuke bila gia?"

Yotamu alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza mbele ya watu."

"Nilitia."

"Mara ngapi?"

"Petroli ni ya kibali, baba. Tukishuka na fri tunabakiza. Madereva wote wanafanya."

"Madereva wa gari zenye klachi. Hii ukiiachia fri kwenye mteremko unaiua tumboni. Joachim, dereva wa yule Mgiriki, aliniambia siku ile ile naichukua kule Iringa."

"Ungeniambia na mimi."

Silvester alikohoa, akajitia kutazama mawingu. Lilikuwa neno la kweli, na Saulo alilijua kuwa la kweli, na kwa sababu hiyo hasa likamchoma.

"Toa ufunguo wa gari," alisema. "Kesho nitakwenda Iringa kutafuta mtu wa kununua hilo kaburi. Nikirudi nisikukute. Mwanamume anayeua jembe la nyumba akatafute nyumba ya kwake."

"Saulo," alisema Silvester, "mtoto ni mtoto."

"Mtoto wako anaendesha baiskeli, Silvester. Tuache."

*

Nyuma ya ukuta, Tusajigwe alikuwa amepiga magoti na kitambaa mkononi, akisugua sakafu.

Alisikia kila neno, na hakuwa na njia ya kutia neno lake. Kwa desturi ya kwao Rungwe mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hamtazami, hali naye, halitaji jina lake. Mjini wengi walikuwa wamelegeza, lakini nyumba hii haikulegeza. Saulo alikohoa mara mbili kabla ya kuingia sebuleni ili mkwe apate kutoka kwa mlango wa uani. Waliishi chini ya paa moja kama jua na mwezi, mmoja akiingia mwingine akitoka, na kwa namna hiyo waliheshimiana sana. Heshima ile ilikuwa na maana moja zaidi: kwa miaka yote ya ndoa, Tusajigwe hakuwahi kumwambia mzee yule hata kwamba chai imepoa.

Sasa alimsikia akimweleza Silvester, kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu, namna Mgiriki anavyofanya kazi. "Hii haina klachi ya kushikana kama sahani mbili. Oili ndiyo inashika. Ile oili nyekundu. Injini inaisukuma, nayo inasukuma gari. Bila ile oili injini inapiga kelele peke yake, magurudumu yamekaa."

Mkono wa Tusajigwe ukasimama. Chini yake sakafu ya saruji ilikuwa nyekundu, laini, na ilimrudishia uso wake mwenyewe.

Ulikuwa mwaka ule baada ya vita vya Kagera, na madukani hapakuwa na sabuni, seuze polishi ya sakafu. Nyumba zote za Soweto zilipauka. Wanawake walisugua kwa mkaa, kwa majani ya maboga, kwa mafuta ya nyonyo, na sakafu zikabaki kama magoti ya mtoto. Sakafu ya Mama Yotamu peke yake iling'aa. Kina mama wa kanisa walipokuja kwa maombi walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Mama Yotamu, akiwa ameketi wima kama bibi harusi, aliwaambia kwamba polishi ile anatumiwa na ndugu yake wa Iringa.

Haikutoka kwa ndugu. Ilitoka chini ya tumbo la Mgiriki. Tusajigwe, anayeamka kufagia uani kabla ya wote, alikuwa ameona matone mekundu mchangani. Kwanza aliweka kopo ili uwanja usichafuke mahali anapopita mzee na viatu vyake vyeupe. Malori yote huvuja. Hata yale mapya ya kampuni huacha alama barabarani. Alidhani ni jasho la gari. Kisha siku moja akajaribu kidogo kwenye kona ya sebule, akasugua, na kona ikawaka. Kuanzia hapo kopo lilikwenda chini ya gari kila jioni na kurudi jikoni kila alfajiri, kabla ya mzee kutoka na kijiti chake.

Alimkuta mama mkwe jikoni, akamweleza yote, akinong'ona.

Mama Yotamu aliacha kukoroga. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna."

"Mama, wanamfukuza mwanao."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Akakoroga tena, kwa nguvu isiyohitajika na uji. "Mzee amekasirika leo. Wiki hii itaisha, atamtuma Silvester amrudishe. Namjua. Lakini ukimwambia kwamba gari lake tumelipaka sakafuni, hapo mwanangu, atawafukuza wawili, na mimi nitabaki na viti."

"Lakini kosa si lake."

"Fri alitia. Amekiri mwenyewe. Kosa limeshapata mwenye nalo, wewe unataka kulitafutia wa pili." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, bila kumtazama: "Na mimi nimeshasema mbele ya kina mama ile habari ya ndugu wa Iringa."

Asubuhi Tusajigwe alimfungia mumewe viazi kwenye jani la mgomba. Yotamu alikuwa ameshavaa, mfuko begani. Alisema atakwenda Igurusi, kwa yule Msukuma, kwenye mpunga.

"Si wewe," alisema Tusajigwe.

"Ni mimi. Nilitia fri. Kila mteremko." Akatabasamu vibaya. "Mzee alinisukumia gari pamoja na abiria, na miguu yake ile. Nimemtia aibu mbele ya watu. Acha niende."

Alilibeba kosa lake kama mzigo uliopimwa kwa mgongo wake, na mkewe hakuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba nusu ya mzigo ule ilikuwa ya mtu mwingine. Akamsindikiza mpaka kwenye kona. Aliporudi hakuweka kopo. Matone yakadondoka mchangani. Akayamwagia majivu, akafagia juu yake mpaka pakawa safi, akafagia tena.

*

Joachim, aliyekuwa dereva wa yule Mgiriki, sasa alilima mahindi Kalenga, karibu na Iringa. Saulo alimkuta uani kwake amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kati ya miguu.

"Kamwene, mzee wa Mbeya. Karibu. Utakunywa?"

"Mimi ni Mmoraviani."

"Basi kaa unione nikinywa. Gari langu hajambo?"

"Amekufa. Nimekuja unitafutie mtu wa kununua vyuma."

Joachim aliweka kibuyu chini. Alilipenda gari lile zaidi ya alivyompenda mwenye nalo, na hakuficha. "Amekufaje?"

Saulo alieleza. Joachim hakumpa pole. Aliuliza maswali, moja juu ya jingine, kama mwendesha mashtaka.

"Anakataa kilima tu, au na tambarare?"

"Kilima. Tambarare anakwenda, ila anachelewa kushika."

"Ukiweka rivasi?"

"Unasubiri. Kama unamwita mtu aliyelala."

"Aha. Oili ukiinusa, inanuka nini?"

"Inanuka oili."

"Hainuki ugali ulioungua? Si nyeusi?"

"Nyekundu. Na imejaa. Napima mwenyewe kila alfajiri, nimeendesha miaka mingi kuliko wewe."

"Unapima alfajiri," alisema Joachim polepole. "Injini ikiwa imelala?"

"Sasa utapimaje inanguruma?"

Joachim alicheka mpaka mkewe akachungulia mlangoni. Alicheka kikatili, bila kujali mvi za mgeni. "Mzee, hilo si lori. Akilala, oili yake yote inashuka chini kwenye sufuria. Ukichovya unaona kisima. Akiamka anainywa, inapanda juu mwilini, na kule chini panabaki kiasi gani? Hapo ndipo unapima. Injini inawaka, imepata moto, mtu mmoja ameshika breki, anapitisha mkono wa gia mahali pote na kuurudisha, mwingine anachomoa kijiti. Ni kazi ya watu wawili. Mimi nilishikiwa breki na mke wa Mgiriki, na kofia yake kichwani."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuja na viatu vyeupe, ukaniambia umeendesha mpaka bandarini. Nikamwonya mtu kama huyo kuhusu fri, akanikatiza."

Saulo alikumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alikumbuka pia mdomo wa mwanawe ukisema ungeniambia na mimi.

"Na fri?" aliuliza mwishowe. "Kijana wangu alikuwa anatia fri."

"Mbaya. Ukishuka milima mirefu injini ikiwa imezimwa unamkausha. Aliizima?"

"Hapana. Aliogopa breki zitakataa."

"Basi si fri inayokukatalia kilima. Oili imepungua. Sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili, ilianza kulia tangu kwa Mgiriki. Lazima chini ya gari uwe unaona madoa mekundu."

"Uani kwangu hakuna doa."

"Hakuna hata tone?"

"Mkwe wangu anafagia. Unaweza kula ugali pale chini."

Joachim alimtazama kwa muda, mara hii bila kucheka. "Oili haiendi mbinguni, mzee. Kamtazame anayefagia." Akaingia ndani, akatoka na kopo la galoni lililofungwa kwa kitambaa. "Ni oili yake, ilibaki. Utaniletea mchele wa Kyela. Mtie, mpime akiwa macho. Akishika, nitakubadilishia sili. Asiposhika, mzike."

*

Aliporudi Soweto hakuingia ndani. Alilala chali uani na koti lake la safari, akatazama tumbo la Mgiriki. Tone jekundu lilikuwa limening'inia penye kiungo, nono, likingoja kuanguka. Chini yake mchanga ulikuwa mweupe. Akauchimba kwa kidole. Majivu, chini ya majivu, udongo mwekundu uliolowa, na kando yake, duara la kitako cha kopo, limekandamiza ardhi kama mhuri.

Akainuka, akazungukia mlango wa mbele, akakohoa mara mbili, akaingia.

Mlango wa uani ulikuwa bado unatikisika. Saulo alivua viatu. Akapiga goti, akapitisha kidole sakafuni, akakinusa. Kisha akatoa mfukoni kitambaa chake cha kufutia kijiti, akakinusa nacho. Mama Yotamu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, hajasalimia.

"Polishi ya ndugu yako wa Iringa," alisema Saulo. "Mimi nimetoka Iringa sasa hivi. Kule sakafu zimepauka."

Mama Yotamu alikunja mikono yake kwenye kanga. "Uliipenda," alisema. "Ulisema hata kanisani hakuna kama hii. Ulileta watu waione."

"Mlijua mimi namfukuza kijana."

"Tulijua."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Wewe ungesema? Mtu amesimama mlangoni na kijiti juu kama Musa na fimbo, anasema oili imejaa." Akatazama mlangoni. "Nilisema atarudi wiki hii. Kila siku nimetazama ile kona."

Saulo alitaka kukasirika. Alijitafuta ndani, akaikosa ile hasira yake ya zamani, iliyokuwa tayari siku zote. Alimwona Yotamu mbele ya Silvester akitazama viatu vyake. Alikiona kijiti kikiwa juu, na yeye mwenyewe nyuma ya kijiti.

"Njoo unishikie breki," alisema.

"Mimi? Mguu wangu haujawahi kukanyaga chuma. Nikigusa kisichoguswa nikakuua ukiwa hapo mbele, kanisa litasema nini?"

"Ni kazi ya watu wawili."

"Kamwite Silvester."

Lakini Saulo hakutaka Silvester aone. Alitoka, akawasha injini, akaiacha ipate moto, akafungua boneti, akasimama mbele yake na kijiti mkononi na galoni miguuni, na hakuwa na mtu wa pili. Boneti ile ilikuwa kubwa. Ilisimama kama mlango, ikakiziba kioo chote cha mbele, hata kiti cha dereva hakikuonekana.

Ndipo akasikia mlango wa gari ukifunguliwa upande ule, na ukifungwa. Gari likazama kidogo kwa uzito wa mtu mwepesi.

Mama Yotamu alikuwa amesimama kando, kati ya pande mbili, akiona huku na huku.

"Mama," ilisema sauti ndani ya gari, chini ya kanga, "mwambie baba nimeshika breki."

"Anasema ameshika breki."

Saulo alibaki na kijiti mkononi. Hii sauti aliijua kwa kuisikia ikiimba jikoni na kunyamaza akikohoa. Haijawahi kuelekezwa kwake. "Mwambie," alisema, "aikanyage mpaka mwisho, asiiachie. Na mkono wa gia, pale kwenye usukani, aupitishe mahali pote polepole, aurudishe juu mwanzo."

"Anasema—"

"Nimesikia, mama."

Mkono wa gia ukapita, hatua kwa hatua. Saulo akachomoa kijiti, akakifuta, akakichovya, akakichomoa. Kilikuwa kikavu. Kwenye ncha tu palikuwa na alama nyekundu, kama kucha ya mwanamke. Akakinusa. Hakikunuka ugali ulioungua.

Akafungua galoni, akaanza kumimina kwa faneli ya karatasi. Mgiriki alikunywa. Saulo akapima, akamimina, akapima, mpaka alama ikafikiwa injini ikiwa macho.

"Mwambie apitishe gia tena."

Safari hii, mkono ulipofika mahali pa kwenda mbele, gari likajikaza. Halikusubiri. Lilivuta dhidi ya breki kama ng'ombe aliyefungwa anapoona majani, na pua yake ikainama kuelekea magoti ya Saulo, ikasimama hapo, ikitetemeka, imeshikwa na mguu mmoja.

"Mama," ilisema sauti, na sasa ilitetemeka nayo, "mwambie baba oili iko sakafuni. Kopo nililiweka mimi. Mwambie hata mume wangu hajui. Nilimwacha aende na kosa langu."

Mama Yotamu alifungua mdomo, akaufunga. Halikuwa neno la kubebwa na mtu mwingine.

Saulo aliegemeza mikono yake miwili kwenye ukingo wa gari. Chuma kilikuwa cha moto. Upande wa pili wa boneti palikuwa na mtu ambaye angeweza kumsaga miguu kwa kuinua kisigino tu, na mtu huyo alikuwa analia na hajainua.

"Ulifagia," alisema Saulo, akiielekeza sauti yake kwenye boneti, moja kwa moja, bila mjumbe. "Mimi ndiye niliyepima."

*

Kwenda Igurusi walikwenda watatu: Saulo kwenye usukani, Mama Yotamu kando yake na kopo la oili mapajani, Tusajigwe nyuma, amejifunika mpaka chini, amegeukia dirishani. Saulo alikuwa amekiondoa kioo chake cha kutazamia nyuma, akakitia mfukoni. Mlima Nyoka waliupanda kwa upande ule ule, na Mgiriki akaushika bila maneno. Hakuna aliyemsifu. Sebuleni nyuma yao sakafu ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na maji ya moto siku mbili, imepauka, na Mama Yotamu alikuwa ameshawaambia kina mama wa kanisa ilikotoka ile polishi. Wengine walicheka. Mmoja aliuliza kama imebaki.

Nkuba ndiye aliyewaona kwanza, akasimama kwenye tuta. "Amepona huyu?"

"Amepona," alisema Saulo.

"Ilikuwa njaa, au mimba?"

"Njaa."

Nkuba aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejua tangu mwanzo, akapaza sauti kuelekea majarubani. Yotamu akaja, tope mpaka magotini, jembe begani. Alipowaona alisimama mbali, akashusha jembe. Alikuwa amekonda. Akamwamkia baba yake, baba akaitika. Maneno yote ambayo Saulo alikuwa ameyapanga toka Uyole yakamkimbia.

Akaligeukia gari. Injini alikuwa hajaizima. Akaitoa shingoni ile kamba ya kiatu, akafungua boneti, ikasimama kama mlango. Akamnyoshea mwanawe kitambaa.

"Pima."

Yotamu hakukipokea mara moja. "Injini inawaka, baba."

"Ndivyo anavyopimwa. Mimi nilikuwa nampima amelala."

Yotamu alimtazama baba yake, kisha akatazama mikono yake iliyojaa tope, akaifuta kwenye kaptura, akapokea kitambaa. "Na mimi nilitia fri," alisema.

"Najua. Pima."

"Nani ameshika breki?"

Mlango wa dereva ukafungwa. Toka upande wa pili wa boneti ikasikika sauti iliyozibwa na kanga. "Nimeshika mimi. Pima, halafu nina neno la kukwambia."

Mkono wa gia ukapita mahali pote, ukarudi mwanzo. Yotamu akachomoa kijiti, akafuta, akachovya, akachomoa, akakileta karibu na macho. Tope lilikuwa limemkaukia kwenye vidole. Akasoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imejaa," alisema.

Saulo alipokea kijiti, akakirudisha mahali pake, akaushika ukingo wa boneti kuishusha. Halafu akauacha. Aliiacha boneti wima, akageuka, akautazama mpunga wa Nkuba, akasubiri mpaka aliposikia mlango wa gari ukifunguliwa na miguu ya mkwe wake ikigusa chini.